Godoro Lililokuwa Hai

Nyinyi mnaonunua godoro kwa kupapasa kioo cha simu, sogeeni kidogo. Sitawagombeza sana. Mjukuu wangu aliyeniomba niandike haya ameniambia vijana hawasomi kitu kirefu, nami nimemjibu kwamba vijana hao hao wanalala kwa saa nane juu ya kitu wasichojua ndani kina nini, kwa hiyo muda wanao.

Mimi ni Mnubi wa Kampala. Baba yangu alikuwa askari, na babu yake pia, ndiyo maana Kiswahili kilikuwa nyumbani kwetu kabla ya redio. Kazi yangu ilikuwa magodoro: kuyajaza, kuyashona, baadaye kuyauza, katika duka letu la Nakulabye, upande wa barabara inayopanda kwenda Kasubi. Wateja waliniita Hajati. Watoto wao waliniita Haboba, ambalo kwetu Wanubi ni bibi, hata wakati sijawa bibi wa mtu yeyote. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nilizoea, na sasa asiyeniita hivyo namwona hana adabu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Yusufu, mshonaji mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Enzi zake godoro lilijazwa pamba, au sufi, ile inayotoka kwenye maganda ya msufi, nyepesi hivi kwamba ukipiga chafya duka zima linapepea. Mzee Yusufu alikuwa na mtindo wake. Akimaliza kushona pande zote, kona moja aliiacha na mishono mikubwa iliyolegea. Aliiita kona ya shahidi. Mteja akifika, mzee hamwimbii sifa za godoro. Anamsogeza kwenye ile kona, mteja anaingiza kidole na kuchomoa alichokikuta humo. Akiona sufi, ni sufi. Maduka mengine walijaza vipande vya nguo kuukuu, kisha juu yake wakatandaza pamba ya kudanganyia macho, na hao hawakuwa na kona ya shahidi hata siku moja. Mteja akiridhika, ndipo mzee anaifunga kona mbele yake.

"Usimwambie mtu godoro ni zuri," alinifundisha. "Mwache aulize ndani kuna nini. Halafu mjibu hilo hilo."

Siku hizi godoro linakuja limebanwa ndani ya nailoni, limekunjwa kama chapati, na ukitia kidole muuzaji anakuita mharibifu. Kona ya shahidi imebaki ni lebo. Basi inabidi mjue kuisoma, na kusoma lebo si kujua herufi tu.

Aliwahi kuja dukani kijana mmoja wa mauzo, viatu vinang'aa, amebeba picha za magodoro na cheti kilichotiwa fremu. "Hajati, haya ni oganiki, cheti hiki hapa, kina mhuri na sahihi." Nikavaa miwani. Cheti kilikuwa halali kabisa, wala sikitilii shaka mpaka leo. Kilikuwa cha kahawa. Kahawa, vanila na ufuta wa wakulima fulani. Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, godoro hili tulilalie au tulichemshe?" Maskini, hata yeye alikuwa hajakisoma. Alipewa na bosi wake, akaona neno oganiki, akaenda zake. Tulimpa chai akanywa, akacheka mpaka machozi, na baadaye akawa rafiki wa duka.

Kwa hiyo cheti kisomeni mpaka chini. Kimetolewa kwa jina la nani? Ni cha kitu gani: shamba, kitambaa, au godoro lenyewe lililo mbele yako? Kinakwisha lini? Kina namba, na ile namba unaweza kuitafuta kwenye orodha ya wale waliokitoa, kwa simu hiyo hiyo mnayoipapasa. Pamba inaweza kutoka shamba safi kisha ikapitia kiwandani ikaogeshwa madawa ya kila aina. Cheti cha shamba hakijui yaliyotokea kiwandani.

Na neno "asili" lisiwalegeze magoti. Asili mtu yeyote anaweza kuichapa. Sumu ya nyoka ni asili. Mkiona "limetengenezwa kwa pamba hai," ulizeni pamba hiyo iko wapi. Nimeona magodoro ambayo pamba hai ilikuwa kava tu, nyembamba kama leso, na ndani sponji ile ile ya kila siku. Hakusema uongo aliyeandika. Alinyamaza tu mahali penye faida.

Halafu kuna alama mbili za nje zinazoaminika, kila moja ina herufi nne, na zinatofautiana herufi moja tu katikati. Moja inazungumzia nyuzi na nguo. Nyingine inazungumzia mpira, ule unaotokana na utomvu wa mti. Msizichanganye kama watu wa mtaani kwetu wanavyochanganya herufi ele na herufi are. Zipo pia alama zinazosema kitu kimepimwa na hakikukutwa na sumu fulani, au sponji haikutiwa madawa fulani. Hizo ni nzuri, mimi nazipenda, lakini hazisemi kwamba kitu ni oganiki. Na alama ya viwango ya serikali ina shughuli zake nyingine kabisa. Kila alama inajibu swali moja. Ukiiuliza swali jingine, inakutazama tu.

Hilo la mwisho nililielewa vizuri siku ya Mama Sifa, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Siku ile mtoto angeweza kukosa pumzi juu ya godoro lililotoka dukani kwetu, godoro lenye lebo ya kweli na cheti cha kweli.

Mama Sifa ni Mkongo, alikuja na mumewe kutoka upande wa Bukavu, wakapanga chumba Kasubi. Mume alibeba mizigo bandarini Port Bell, yeye alishona vitenge. Mtoto wao, Sifa, alikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na alipenda kupiga mpira kuliko kula. Siku hizo alikuwa ametoka hospitali. Midomo ilikuwa imemvimba, kifua kikabana, wakamkimbiza, wakamwahi. Mimi nilijua kwamba aliugua. Aliugua nini, sikujua.

Dukani nilikuwa na mwenzangu, Salongo, Muganda aliyeitwa hivyo kwa kuwa baba wa pacha, mwenye ulimi wa kuuza hata kivuli. Tulikuwa tumepokea magodoro machache ya mpira wa utomvu, oganiki ya kweli. Cheti chake nilikihakiki mwenyewe: jina sawa, namba sawa, muda haujaisha, na kilitaja magodoro, si kahawa. Nilijisikia vizuri. Mwagizaji alikuwa amebandika na karatasi ya Kiswahili, kubwa, ya kijani, ili wateja kama Wakongo na Wakenya waelewe. Lebo ya ndani, ile ndogo ya Kiingereza, ilieleza kila kitu. Ile ya kijani ilisema hivi tu: GODORO HAI. ASILI TUPU.

Hai, kwa Kiswahili cha vitabuni, ndiyo hiyo oganiki, kama mnavyosikia kilimo hai. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Mchana nilikuwa nimekwenda kumpa jirani pole ya msiba. Niliporudi, Salongo alikuwa amekaa juu ya kiti changu, meno yote nje.

"Hajati, ile godolo ya bei kali imeenda!"

"Kaichukua nani?"

"Mama Sifa. Amesema mtoto yake ako na aleji, anataka godolo bira dawa. Nikamwambia nyabo, dawa hapa hakuna, hii ni oganiki, lebo hii hapa. Wamepakia kwa boda, imeenda."

"Vizuri. Aleji ya nini?"

Salongo akapiga paja kwa kucheka. "Hawa madakitali ya leo! Eti mtoto asiguse mupira. Mama amemunyang'anya mtoto mupira, amegawia watoto ya jirani. Sasa kucheza mupira inaleta aleji gani?"

Nikacheka naye. Kisha nikakumbuka jambo.

Zamani karakana yetu ilikuwa na dada mmoja wa kupaka gundi, akivaa glovu za mpira. Mikono ikaanza kumvimba, baadaye midomo, na siku moja puto la sikukuu lilimpasukia usoni akabaki anatafuta hewa. Daktari wake alimwambia maneno hayo hayo: akae mbali na mpira. Hakuwa anazungumzia wa kuchezea. Alikuwa anasema utomvu wa ule mti, ambao unatengeneza glovu, puto, na vitu vingi msivyovidhania. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vyote hivyo, na Mama Sifa, kwa haki kabisa, alichukua maana iliyokuwa inadundadunda uani kwake.

"Salongo," nikasema, "ndani ya lile godoro kuna nini?"

"Mupira," akajibu haraka, kama anavyojibu mteja. Halafu akasimama, akamwita Mungu wake kwa Kiganda. "Katonda wange."

Tukapiga simu ya Mama Sifa. Haipatikani. Tukapiga tena. Salongo akabaki anabonyeza simu, mimi nikadaka boda iliyokuwa inapita na kumwambia kijana apande Kasubi kama nyumba yake inaungua. Akaniambia, "Hajati, shika vizuri basi." Nilishika. Njia nzima nilikuwa namwona Sifa amelala usingizi wa mchana, maana mgonjwa aliyetoka hospitali huambiwa apumzike, na mama mwenye godoro jipya atampumzisha wapi? Nilimwomba Mungu kwa Kinubi, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, nisije nikakosa lugha anayoisikiliza siku hiyo. Niliogopa, wanangu. Sijawahi kuogopa hivyo kwa kitu nilichokiuza.

Tulipokata kona ya kuingia uani kwao, kitu cha kwanza nilichokiona ni godoro. Lilikuwa nje, limetupwa juu ya nyasi, juani, bila shuka. Kando yake sigiri ya makaa inawaka, na Mama Sifa amesimama na sufuria ya maji yanayotokota, ameishika kwa pindo za kitenge. Mlangoni, juu ya mkeka, Sifa amekaa anatafuna muhogo. Ana pengo mbele, ana uso wa kununa, na anapumua kama mtu mwingine yeyote.

"Amelilalia?" nikapiga kelele hata sijashuka. "Mtoto amelilalia?"

Mama Sifa akaruka, maji nusura yammwagikie miguuni. Alidhani nimekuja kumgombeza.

"Mama, musinikasirikie," akasema. "Hapana, hayalala juu yake. Binti ya jirani alitusomea ile karatasi. Inasema godoro iko hai. Nikasema, eh! Mwenye kuwa hai ni Mungu peke yake, godoro iko hai namna gani? Kule tulikotoka kunguni zilitukula sana, Mama. Njo nikaitoa inje, niimwangie mayi ya moto zife."

Nilikaa chini. Palepale kwenye nyasi, na gauni langu la msibani. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, kijana wa boda akawa ananitazama kama anajiuliza atalipwa na nani. Yule mwagizaji na karatasi yake ya kijani, aliyenikera tangu mwanzo kwa Kiswahili chake cha maonyesho, siku ile nilimwombea dua.

Nilipopata sauti, nikamwambia Mama Sifa aweke sufuria chini. Nikamweleza kwamba hai hapo maana yake kitu kimelimwa bila madawa ya sumu, wala hakuna mdudu.

"Basi iko muzuri?"

"Nzuri sana. Ila si ya Sifa." Nikafungua zipu ya kava, nikamshikisha ile nyama ya ndani, laini, yenye vitundu vidogo. "Hii ndiyo mpira. Unatoka kwenye mti, kama maziwa. Glovu za hospitali ni huu huu. Puto ni huu huu. Nadhani daktari alikuwa anasema huu."

Akaurudisha mkono upesi na kuupangusa kwenye kitenge. Akamtazama mtoto. Nilipomwona anaelewa, nilitamani nigeukie pembeni.

"Glovu," akasema polepole. "Siku ile midomo ilimuvimba, alikuwa anacheza na glovu ya hospitali. Walimupulizia kama puto." Kisha akaketi karibu yangu. "Na mimi nilimunyanganya mupira yake."

"Ulikuwa wa nini huo mpira?"

"Baba yake alimutengenezea. Mifuko ya nailoni na kamba."

Hata chembe ya utomvu haikuwemo. Lakini mimi ni mshonaji wa magodoro, sikujitia udaktari. Nilimwambia wanawe mikono, yeye na mtoto, na kesho yake warudi hospitali wakaulize vizuri, na waulize kwa kuonyesha vitu, wasitumie neno tupu. Walikwenda na kikapu: kipande cha nailoni, kipande cha pamba, sufi kidogo niliyowapa, na picha ya godoro. Daktari alipoelewa kilichotokea alifurahi kuliko sisi, maana ndiye aliyejua zaidi kilichoepukwa. Ni utomvu, akasema. Glovu, puto, godoro la aina ile, mbali. Nailoni, pamba na sufi, ruhusa. Na mtoto acheze.

Godoro tulilirudisha dukani likiwa kavu, Salongo amelibeba kichwani mwenyewe kama mtu anayetubu. Baadaye alilinunua mwalimu mmoja mwenye mgongo mbovu, aliyelitaka hilo hilo la mpira na akatuuliza maswali mpaka tukachoka kwa furaha. Yule mwagizaji nilimpigia simu. Alisikiliza, akaguna, na mzigo uliofuata ukaja na karatasi mpya ya kijani iliyoandikwa kwa herufi kubwa: NDANI: MPIRA WA UTOMVU WA MTI. Neno hai akaliweka chini, kwa herufi ndogo. Salongo naye tangu siku hiyo hakuuza godoro bila kuuliza, "Aleji ya nini?" Hata mteja akija kununua mto wa kiti cha ofisi.

Sifa tulimshonea la pamba. Nawaambia ukweli, pamba ile haikuwa na cheti chochote wala alama ya herufi nne. Ilikuwa pamba tu, niliyoijua inakotoka, na kona ya shahidi niliiacha wazi mpaka mama yake alipoingiza kidole. Msije mkasema Haboba anadharau vyeti. Navipenda, vimeniokoa na wauza kahawa. Nasema tu kwamba lile lenye cheti safi kuliko yote dukani ndilo lisilomfaa mtoto yule, na cheti hakikuwa na kosa. Hakikuulizwa juu yake.

Ikabaki habari ya mpira. Ule wa nailoni watoto wa jirani walikuwa wameshaupigia mtaroni, mvua ikaondoka nao. Basi nikachukua masalio ya kitambaa cha godoro, kile chenye mistari, nikakata vipande, nikajaza sufi na pamba, nikashona kwa uzi wa mara mbili. Haukuwa mduara sana. Salongo alisema unafanana na kiazi.

Mama Sifa alipomleta dukani, nikampa. Mtoto hakuushika. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akautazama, akanitazama mimi.

"Haboba," akasema, "hii mupira iko na mupira ndani?"

Dukani kulikuwa na wateja, wakacheka. Mimi sikucheka. Watu wazima wenye miwani na simu za bei walikuwa wamepita mbele yangu maisha yangu yote bila kuuliza swali zuri namna ile. Nikamwonyesha upande mmoja ambapo nilikuwa nimeacha mishono mikubwa, iliyolegea.

"Ingiza kidole," nikamwambia.

Akaingiza. Akachomoa sufi, akainusa, akampelekea mama yake, mama akaitazama na kutikisa kichwa kukubali. Ndipo akaurudisha mikononi mwangu, nikaifunga kona mbele yake.

Aliupiga teke la kwanza mle mle dukani, ukampata Salongo kwenye kikombe cha chai. La pili likautoa mlangoni, naye akaufuata mpaka ukingo wa uwanja wa kanisa. Tulisimama mlangoni sote, mama yake ameshika mkono wangu kwa nguvu, tukimsubiri. Alirudi anahema, jasho linamtiririka, na tulipomtegea sikio, yalikuwa ni mahemo ya mbio tu.